Watoto Wawili Chini ya Paa Moja



Baada ya ibada, tunapokuwa bado tumesimama nje tukisalimiana, hayakosi kusikika maneno haya: "Watoto wa mjini ni wavivu. Sisi tulipokuwa na umri wao tulikwisha shika jembe." Husemwa Iringa, husemwa Mbeya, kwa maana wengi wetu tunaokaa Kihesa, Mlandege, Soweto au Uyole hatukukulia huko. Tulitoka Ismani, Kilolo, Mufindi, Njombe, Makete, Rungwe na Mbozi, tukaja mjini na sanduku la bati na anwani ya ndugu. Nasi tumeyasema maneno hayo mara nyingi. Leo twapenda kuyapima, tuone kama ni kweli, na kama ni kweli, kosa ni la nani.

Kwanza tulikumbuke shamba lilivyokuwa, bila kulipamba. Katika nyanda zetu mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hivi hata Aprili. Siku ya kupanda mahindi mtoto alikuwa na kazi yake: kufuata nyuma ya mama mwenye jembe, kutia mbegu shimoni na kuifukia kwa mguu. Mahindi yakianza kukomaa alikaa dunguni akifukuza nyani. Kiangazi kilipokausha vilima, tuliteremka bondeni kwenye vinyungu, ambako udongo bado una unyevu, tukapanda mboga na maharage. Kazi ikizidi nguvu za nyumba moja, majirani waliitwa kwa mgowe. Walilima pamoja, wakala na kunywa kwa mwenye shamba, na siku nyingine mwenye shamba naye akaenda kwao.

Haikuwa peponi. Januari na Februari ghala lilikaribia kuwa tupu na mahindi mapya yalikuwa bado mabichi. Juni na Julai tulichunga kwa miguu mitupu katika umande wenye baridi kali. Ng'ombe akiingia shamba la jirani, tulichapwa. Wako wenzetu waliokosa shule majuma mazima wakati wa mavuno, na baadhi yao, hasa wasichana, hawakuirudia tena. Anayesema kwamba utoto wa shambani ulikuwa raha tupu, ama amesahau, ama alikuwa kitindamimba.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hatukulitambua mpaka tulipolikosa. Mtoto alijua kwamba asipokuwapo, pengo litaonekana. Asipokaa dunguni nyani watakula, na watakaolala njaa ni yeye na wadogo zake. Na jioni, chungu kilipoipuliwa, alikula sahani moja na wale aliolima nao. Hakuna aliyemwambia kwamba anapendwa, wala hakuna aliyemwambia kwamba anahitajiwa. Mambo hayo mawili aliyakuta pamoja katika kila siku ya maisha yake.

Kisha tukaja mjini. Siku za kwanza tulimsalimu kila tuliyekutana naye njiani, huyu "Kamwene", yule "Ugonile", mpaka tulipoona watu wanageuka kututazama, tukaacha. Debe la mahindi tulilokuwa tukilijaza kwa mikono yetu sasa tulilinunua sokoni, tena tukibishana bei na mama aliyeyalima. Watoto wetu walipozaliwa, maji yalikuwa bombani, unga ulikuwa dukani, na ng'ombe walimwona barabarani akipelekwa machinjioni. Tukawaambia: "Wewe soma tu, kazi yako ni kusoma." Tulisema hivyo kwa upendo. Hatukutaka mikono yao iote sugu kama yetu.

Lakini kazi za nyumbani hazikwisha kwa sababu tumehama. Ilibidi mtu afue, apike, apige deki, ampokee mtoto atokapo shuleni. Baba na mama wakawa kazini tangu asubuhi. Tukapeleka habari kijijini: "Tutafutieni msichana." Akaletwa kwa basi. Mkoa wa Iringa, pamoja na Njombe uliokuwa sehemu yake hata mwaka 2012, umejulikana siku nyingi kuwa ndiko watokako wasichana wengi wa kazi za nyumbani, hata wale wa Dar es Salaam.

Hapa yatupasa kusema habari za nyumba yetu wenyewe. Jioni moja tulikuwa mezani, na mtoto wetu wa miaka tisa akamwaga chai. Hakuinuka. Aliita tu, "Dada!" Yule msichana akatoka jikoni, alikokuwa akila peke yake juu ya kigoda, akaacha chakula chake, akafuta meza, akarudi. Hakuna aliyesema neno. Usiku, taa ikiwa imezimwa, tukaulizana: mwaka jana wakati kama huu, msichana huyu alikuwa akila na nani?

Ndipo tulipoona kwamba tuna watoto wawili chini ya paa moja. Mmoja ana undugu bila kazi. Mwingine ana kazi bila undugu. Mambo ambayo shambani yalikuwa kitu kimoja, sisi tumeyapasua katikati, kila mtoto tukampa nusu. Kisha twamlaumu wa kwanza kuwa ni mvivu, na wa pili twamlaumu kuwa hana furaha.

Watu wa nyanda zetu tulipaswa kulitambua jambo hili mapema kuliko wengine. Wakati wa ukoloni babu zetu wengi, Wabena na Wakinga miongoni mwao, waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Tangu 1944 ilikuwapo ofisi ya wenye mashamba hayo, iliyoitwa SILABU, ya kuwakusanya na kuwasafirisha. Waliitwa manamba, kwa kuwa huko mtu alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Kufanya kazi hawakuanzia Tanga. Walikuwa wameizoea kazi tangu utoto. Kilichokuwa kigeni kwao ni kufanya kazi mahali ambapo hakuna aliyewauliza wao ni watoto wa nani. Sisi hatumwiti msichana wetu kwa namba, twamwita dada. Ni jina zuri, lakini lina deni ndani yake. Ukimwita mtu dada, naye anaweza kukuuliza udada huo uko wapi.

Yuko atakayejibu: "Mimi namlipa. Bila mimi angekuwa na njaa kijijini." Jibu hilo si la kudharauliwa. Ujira ni haki ya kwanza, na wako wanaomcheleweshea mtu hata huo. Iko pia sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Lakini tuseme ana umri wa kutosha na analipwa kila mwezi. Je, tumemaliza? Boazi angeweza kumwacha Ruthu aokote masuke yake na kwenda zake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hata hivyo wakati wa chakula alimwita mgeni yule wa Moabu aketi pamoja na wavunaji, akampa mwenyewe bisi, naye akala akashiba. Chakula kile hakikuwa ujira. Kilikuwa nafasi ya kukaa.

Na mtoto wetu je? Wengine huogopa kumpa kazi, wakidhani ni kumtesa. Wengine humpa kazi akikosa tu, na hilo ni baya zaidi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba, tena wanafunzi washiriki kuamua juu ya mapato yake. Katika shule nyingi jembe likageuka kuwa adhabu ya mchelewaji, na matunda ya shamba mwanafunzi hakuyaona. Wengi waliopita hapo walijifunza kulichukia jembe. Kazi isiyo na fungu ni adhabu, hata ikiitwa malezi. Mtoto apewe kazi ambayo asipoifanya nyumba nzima itaona: kuku wakose maji, au vyombo vikose kuoshwa. Naye aone kwamba wote waifanyao kazi hukaa meza moja.

Nyumbani kwetu tulianza na hilo la meza. Halikuwa rahisi. Juma la kwanza dada alikaa ukingoni mwa kiti, akala harakaharaka kama mtu anayesubiri basi. Mtoto wetu alipoambiwa kwamba vyombo vya jioni ni vyake alilia, na sahani mbili zikavunjika. Nasi tulichoka, maana ni rahisi zaidi kumwagiza mtu kuliko kumfundisha mwana. Twakiri pia kwamba tulichelewa. Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia, dada alituaga akarudi kwao kumsaidia mama yake kupanda. Mtoto wetu alimbebea mfuko mpaka stendi. Aliporudi, alikuta vyombo vya asubuhi vingali pale pale jikoni. Alivitazama kidogo, kisha akakunja mikono ya shati.

Basi, ndugu zetu, Jumapili ijayo kabla hatujasema kwamba watoto wa mjini ni wavivu, tujiulize ni kazi gani tuliyowapa, ni nani anayeifanya badala yao, naye jioni anakula wapi.