Mpira Mmoja Uliokosekana

Wazamiaji wakipanga safari, mjadala huwa uleule: tupande ndege na vifaa vyetu, au tukodi hukohuko? Tunapima kilo za mizigo, tunalinganisha bei, basi tunaona hesabu imekamilika. Kabla hatujafunga begi, tukitazame kisa cha Ziwa McDonald, jimbo la Montana, Marekani, tarehe 1 Novemba 2020.

Msichana wa miaka 18 alikuwa mafunzoni. Maji ya huko ni baridi kali, hivyo alivaa vazi kavu, lile lisiloruhusu maji kugusa mwili. Lilikuwa limekwishatumiwa na mtu mwingine. Vazi hilo hubaki na hewa ndani, na mzamiaji anaposhuka hewa hiyo husinyaa. Kwenye mita 10 tu imebaki nusu. Ndiyo maana huwekwa mpira wa kuongeza hewa kutoka kwenye mtungi. Mpira unaolingana na vali ya vazi lile haukuwepo. Akaingia majini bila huo.

Dalili zote zilikuwa wazi angali nchi kavu. Vali isiyo na mpira huonekana kwa macho. Vazi la namna hiyo lilikuwa geni kwake. Risasi za kumsaidia kuzama, karibu kilo 20, zilitiwa kwenye mifuko ya zipu, isiyofunguka kwa mvuto mmoja wakati wa hatari. Na hakuwa peke yake. Walikuwepo waliomzidi uzoefu. Mbizi ikaendelea. Huko chini vazi lilimbana, akashindwa kupanda. Mwenzake alihangaika kumtoa risasi, asiweze. Binti yule hakutoka hai.

Tusikimbilie kusema sisi tungeona. Nauli imelipwa, likizo inakatika, boti linanguruma na wenzako wamekwishavaa: hapo hata mimi naweza kujiambia kwamba kasoro ndogo itajirekebisha yenyewe.

Anayebeba vifaa vyake asijione amesalimika. Mtungi uliojaa hewa hauruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo akitua Zanzibar au Mafia atakodi mtungi, na risasi pia. Hapo ndipo kifaa chake hukutana na cha mwenzake. Regulata, kifaa cha kupumulia kinachounganishwa na mtungi, nyingine hukazwa ndani ya vali, nyingine hubanwa kwa nje. Uliza ukiwa bado nyumbani mitungi ya huko ni ya aina gani. Kwa maoni yangu, miwani, kompyuta ya kuzamia na regulata uliyoizoea vinastahili nafasi kwenye begi la mkononi. Jaketi la kuelea na mapezi kodi, ila usivipokee kama mtu anayepokea taulo hotelini. Jaza jaketi hewa, itoe, lijaze tena. Vuta risasi kwa mkono mmoja uone kama zinatoka. Kisha jaribu vyote pamoja kwenye maji ya kifuani, ukiwa na mwenzako pembeni.

Kipande kikikosekana, baki botini. Nahodha akinung'unika, mwache anung'unike.