Biblia ya Darasani na Biblia ya Nyumbani

Neno la msingi: Danieli 1:3-8, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Tunamshukuru Mungu kwamba hapa Uganda watoto wetu wanasoma katika shule za serikali pamoja na watoto wa wenyeji, na Biblia haikufungiwa mlango huko. Somo la dini limo katika mtaala. Hata katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, maswali ya dini yamo pamoja na maarifa ya jamii, na mtoto hujibu kwa upande wa Ukristo au wa Uislamu. Hiyo ni neema. Lakini kwa sababu hiyo wazazi wengi tumelala. Tunasema, "Mwalimu atamfundisha."

Tumtazame Danieli. Alipelekwa uhamishoni akiwa kijana. Yeye na Hanania, Mishaeli na Azaria waliwekwa katika masomo ya mfalme kwa miaka mitatu, wajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo. Hata majina yao yalibadilishwa. Danieli hakukataa kusoma. Alikataa kujitia unajisi. Je, jambo hilo alilijulia wapi? Walimu wa Babeli hawakumfundisha torati ya Musa. Alikuja nayo moyoni kutoka kwao. Kama wazee wake wangengojea shule iwafanyie kazi hiyo, angefika Babeli mikono mitupu.

Jambo la kwanza: Mungu amempa mzazi kazi hii. Musa aliagiza Neno likae kwanza moyoni mwa mzazi, ndipo awafundishe watoto akiketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Hakutaja jengo wala mshahara wa mwalimu. Sisi wakimbizi tulipoteza mashamba na nyumba, lakini haya manne tunayo bado. Nyumba ya turubai ni nyumba. Njia ya kwenda kuchota maji ni njia.

Jambo la pili: somo la shule linaweza kuondolewa. Wazee waliosoma Zaire wanakumbuka. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa na somo la dini likaondolewa. Mwaka 1977 ndipo ilipatana na makanisa yaziendeshe tena. Katika miaka ile, mtoto aliyefundishwa nyumbani na kanisani hakubaki bila Neno.

Jambo la tatu: alama si imani. Mtoto anaweza kuwataja mitume wote kwa Kiingereza, akapewa alama zote, na usiku akiogopa asijue kuomba. Shule inampa maarifa, na tuyaheshimu. Kuomba atakuiga wewe.

Tena, wapendwa, darasani kuna watoto wa Kiislamu na wengine. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema nchi isiwe na dini ya serikali. Tusimwombe mwalimu awalazimishe watoto wa majirani sala yetu, kwa maana sisi tusingependa wetu walazimishwe ya kwao. Bwana wetu alituagiza tuwatendee watu yale tunayotaka watutendee (Mathayo 7:12).

Basi tufanye nini? Mtoto akirudi, tumwulize, "Leo mmejifunza nini katika dini?" Tuchukue mstari mmoja kwa juma, tuurudie kwa lugha ya nyumbani mpaka hata mdogo aujue. Mama asiyejua kusoma asione haya: mtoto asome, mama aeleze alivyomwona Mungu njiani, kisha waombe pamoja. Anayelea yatima au wajukuu amkumbuke Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, lakini imani ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na yeye aliyajua Maandiko tangu utoto.

Hatujui watoto wetu watalala nchi gani kesho: wengine watarudi nyumbani, wengine watapelekwa mbali, wengine watabaki hapa. Vyeti vinaweza kupotea njiani. Neno lililo moyoni litavuka nao kila mpaka.

Ee Bwana, utupe sisi wazazi Neno lako mioyoni, na vinywa vya kuwaambia watoto wetu. Amina.