Okota Mpira, Urudi Golini

Maandiko: Mathayo 14:28–31, 1 Wakorintho 4:3–4, Wafilipi 3:12–14

Leo nataka tuzungumze juu ya hakimu mmoja mkali kuliko wote. Si jirani yako, si mama mkwe, si mwalimu wa hesabu. Ni wewe mwenyewe, unapoketi kitini na kujihukumu usiku na mchana.

Wengi mnakumbuka Jumamosi ya 10 Agosti 2024. Shule zilikuwa zimefungwa, na vijana wetu walisafiri kutoka Kitui hadi Kibwezi, upande wa Makueni, kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa kanisa wenzetu. Tulipitia Mutomo na Ikutha, tukavuka Mto Athi, gari zima likiimba. Kipa wetu alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Ameniruhusu nisimulie, lakini jina lake tuliache.

Dakika za kwanza tu, ukapigwa mpira mwepesi, ule ambao hata mimi na tumbo hili ningeudaka. Ukapita katikati ya miguu yake. Goli.

Mpira ukarudishwa katikati na mchezo ukaendelea, lakini kipa wetu hakurudi. Mwili ulikuwa golini, akili ilikuwa imebaki kwenye lile kosa. Akawa anajipiga mapaja, anatingisha kichwa, anaangalia kando ya uwanja kuona ni nani anacheka. La pili likaingia akiwa bado anajilaumu kwa la kwanza. Mwishowe tukafungwa manne kwa moja.

Na pasta wenu alikuwa wapi? Kando ya uwanja, nikipaza sauti: "Wewe, umelala?" Naungama mbele yenu. Kijana alikuwa tayari na mshtaki mmoja kichwani, na mimi nikamwongezea wa pili.

Usiku tukirudi tulisimama Mutomo tunywe chai. Ilikuwa imepita saa tatu, na hotelini watu walikuwa wamejaa mbele ya runinga wakingoja fainali ya mita 1,500 ya wanawake kutoka Paris. Kila mtu alishuka garini isipokuwa kipa. Nikampelekea kikombe. Hakuniangalia. Akasema, "Pasta, mimi ni bure. Hata hesabu ni hivyo hivyo. Nikikosa swali la kwanza, karatasi yote imeisha. Afadhali niache shule."

Wapendwa, hapo nilijua kwamba hatuzungumzi habari ya mpira. Mwaka uliofuata kijana huyu alikuwa anaingia kidato cha nne. Kosa la sekunde mbili lilikuwa limeanza kumla maisha.

Na sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ugonjwa wake naujua. Mara ngapi nimesimama hapa madhabahuni, nikakwama neno moja, halafu dakika kumi zinazofuata nikawa najisikiliza mimi badala ya kumsikiliza Bwana?

Nikamkumbuka mama mmoja wa kanisa hili, ana zaidi ya miaka sitini, anayesoma gumbaru ili aweze kujisomea Biblia mwenyewe. Siku moja nilikaa naye akisoma. Anaweka kidole chini ya neno, anatamka. Akikosea anacheka kidogo, anasema "ngoja," anarudia, anasonga mbele. Nikamuuliza, "Mwaitu, huoni haya ukikosea mbele ya watu?" Akanijibu, "Pasta, nikikaa kufikiria neno nililokosa, hili lingine linanipita."

Huyo hajapita chuo kikuu, lakini alinifundisha kitu ambacho shahada yangu ya biashara haikunifikishia moyoni. Kutoka kwake nimepata mambo matatu.

1. Kosa lina jina lake, na wewe una jina lako

Kuna watu watasema, "Pasta sasa anatuambia tusijali dhambi." Hapana! Roho Mtakatifu anatuthibitishia kosa, na tunatubu. Lakini sikiliza vizuri tofauti ya sauti hizi mbili. Roho Mtakatifu anataja tendo: hapa ulisema uongo, pale ulikuwa mvivu, nenda ukatengeneze. Mshtaki hataji tendo, anakutaja wewe: wewe ni mwongo, wewe ni bure, watu kama wewe hawafiki. Sauti ya kwanza inakuonyesha mlango, ya pili inakufungia ndani.

Waliofanya biashara wananielewa. Kitabu cha hesabu kinaandika hasara, tena ni lazima iandikwe, ukiificha utaanguka. Lakini hakuna kitabu kinachoandika kwamba mwenye duka ni hasara. Tena tulifundishwa kwamba fedha iliyokwisha kutumika na haiwezi kurudi, usiipe nafasi ya kuamua jambo la kesho. Mkulima wa Makueni aliyepanda mahindi mvua ikakata, swali lake si "kwa nini nilipanda mahindi?" mwaka mzima. Anajifunza, na msimu ukija anauliza, "Sasa nipande nini katika shamba hili?" Pengine mwaka huu ni pojo.

Kijana wetu alikuwa na kosa dogo la kipa: miguu haikufungwa. Hilo linarekebishwa kwa mazoezi. Lakini alilibadilisha jina akaliita "mimi ni bure," na hilo hakuna kocha anayeweza kulifanyia mazoezi.

2. Neema ya leo iko mahali ulipo leo

Petro alitembea juu ya maji. Huwa tunakimbilia kuzama kwake, lakini kwanza alitembea! Alianza kuzama alipoacha kumwangalia Yesu akaangalia upepo. Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa hatua moja tu, iliyofuata.

Wana wa Israeli nao walipewa mana ya siku kwa siku. Waliojiwekea ya kesho, isipokuwa ile ya Sabato, iliwaozea. Mungu wetu hatoi nguvu ya kurudia jana, wala hatoi leo nguvu ya mtihani wa Novemba. Anatoa ya swali hili lililo mbele yako, mpira huu unaokuja, neno hili lililo chini ya kidole.

Sasa nirudi Mutomo. Tukiwa bado garini, kelele zikapanda hotelini. Faith Kipyegon alikuwa ameshinda. Nikamwuliza kijana, "Unajua wiki ya huyu dada ilikuwaje?" Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, tarehe 5, alikimbia fainali ya mita 5,000, akamaliza wa pili nyuma ya Mkenya mwenzake Beatrice Chebet. Kisha waamuzi wakamwondoa kwenye matokeo kwa sababu ya kusukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia njiani. Kenya ikakata rufaa, na medali yake ya fedha ikarudishwa. Na asubuhi iliyofuata tu, Jumanne, alitakiwa kusimama tena kwenye mstari kwa mchujo wa mita 1,500. Alhamisi nusu fainali. Jumamosi akashinda kwa dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi ya Olimpiki, na dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mbio hizo, baada ya Rio na Tokyo.

Nataka uone hiyo Jumanne asubuhi. Hakuna medali Jumanne asubuhi. Ni mchujo tu. Lakini aliyebaki kwenye mbio za Jumatatu hawezi kufika Jumamosi. Ilibidi zile za Jumatatu zibaki Jumatatu, na miguu iwe mahali ilipo.

Kwetu huku tunalima kwa plau na ng'ombe, na Bwana Yesu alisema wazi juu ya mtu anayeshika plau huku akiangalia nyuma. Kila aliyewahi kuishika anajua: geuza shingo kidogo tu, mtaro umepinda. Hata kama unageuka kuuangalia mtaro mbaya uliopita ili uusikitikie, huu wa sasa nao utapinda.

3. Mwachie Bwana filimbi

Paulo anawaambia Wakorintho jambo la ajabu. Kwake ni kitu kidogo kuhukumiwa na watu, na hata yeye mwenyewe hajihukumu. Hasemi kwamba hana kosa. Anasema mwenye kumhukumu ni Bwana. Yaani kile kiti kina mwenyewe! Ukikikalia kila saa, umenyang'anya kazi isiyo yako. Mchezaji anayepiga filimbi na huku anacheza hawezi kufanya lolote vizuri.

Na huyu Hakimu wetu ni wa namna gani? Rudi kwa Petro. Akazama, akalia. Mathayo anasema mara moja Yesu akanyosha mkono akamshika, ndipo akamwuliza kwa nini aliona shaka. Angalia mpangilio huo: mkono kwanza, swali baadaye. Mimi Kibwezi nilianza na swali, na mkono sikuutoa hadi usiku. Wazazi, tusikie hapo. Mtoto akileta karatasi ya alama mbaya, mshike kwanza. Swali litapata nafasi yake, tena atalijibu kwa ukweli.

Mwisho wa habari

Desemba ndugu wa Kibwezi walikuja Kitui. Kipa wetu alikuwa golini. Mnataka niseme hakufungwa? Alifungwa, tena goli la kwanza lilikuwa kosa lake wazi. Nikashika mdomo wangu kwa mkono. Akasimama kidogo, akauendea mpira wavuni, akauokota, akaurusha katikati, akarudi kwenye mstari wake na kupiga makofi mara mbili akiwaita mabeki. Tulishindwa mbili kwa moja. Lakini alidaka mipira mitatu ambayo Agosti ingeingia yote, kwa sababu safari hii alikuwepo.

Shule hajaacha. Hesabu bado inamsumbua, na tunaendelea kumwombea na kumsaidia.

Ya kufanya wiki hii

Mwanafunzi: ukikosa swali, weka alama pembeni, vuta pumzi, useme "Bwana, nisaidie hili linalofuata," usome swali jipya. Ukimaliza karatasi ndipo urudi kwa lile la kwanza.

Mchezaji, mwanakwaya, fundi anayejifunza kazi: baada ya kosa taja tendo moja la kurekebisha. Moja tu. Kisha rudi kazini.

Mzazi, mwalimu, na sisi viongozi: kwa siku saba usimwite mtoto jina la kosa lake.

Na wewe uliyebeba kosa la miaka: kama hujatubu, tubu leo. Kama ulishatubu, acha kufufua kesi ambayo Hakimu mwenyewe ameifunga.

Tuombe

Baba, tumekalia kiti chako muda mrefu, na tumechoka. Leo tunashuka. Tusamehe kwa maneno tuliyowaambia watoto wetu, na kwa yale tuliyojiambia wenyewe gizani. Tushike mkono kama ulivyomshika Petro. Tupe neema ya siku hii, kwa kazi ya siku hii. Wanaosoma, wakumbushe kwamba wanapendwa kabla ya matokeo. Katika jina la Yesu. Amen.