Wekundu wa Matumbawe

Picha ya matumbawe iliyopigwa bila taa mita kumi chini ya bahari ya Kiunga, kwenye pwani ya Kenya, hutoka ya samawati karibu yote. Maji hufyonza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine, na kamera hupokea kilichosalia. Mpiga picha akifika kwenye kompyuta huongeza wekundu, na tumbawe likaonekana vile ambavyo mzamiaji angeliona kama angelimulika kwa tochi. Je, amedanganya? Nashikilia kuwa hapana. Amekaribia ukweli kuliko kamera yenyewe.

Sasa tuchukue mwaka 1998. Joto la El Niño lilipausha matumbawe sehemu kubwa ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na ya Kiunga hayakunusurika, ingawa hifadhi ya bahari ilikuwa imetangazwa huko tangu 1979. Tumbawe likizidiwa na joto hufukuza vijimea vinavyoishi ndani yake, ambavyo ndivyo hulipa rangi na kulilisha, likabaki jeupe. Mtu akiiongezea picha ya tumbawe hilo, ambayo tayari imesahihishwa, wekundu uleule, kwa programu ileile, kwa kipimo kilekile, mkono wake umetenda jambo moja na la awali. Lakini kwanza alirudisha kilichochukuliwa na maji. Safari hii anarudisha kilichochukuliwa na joto.

Kwa hiyo siwaafiki wanaosema picha isiguswe kabisa. Wala siwaafiki wanaosema kwamba, maadamu kila picha imeguswa, basi hakuna picha ya kweli. Swali si mkono umegusa nini, bali mtazamaji anaichukua picha kuwa ushahidi wa kitu gani. Marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu, aliunganisha picha kadhaa kuwa moja miaka mingi kabla ya kompyuta kufika visiwani. Mteja aliyekwenda studio kwake alijua analolipia, na aliyeonyeshwa picha ile nyumbani aliona wazi kuwa ni ufundi. Hapakuwa na wa kudanganywa.

Ufukwe ni jambo jingine. Picha ambayo John Knoll, mmoja wa waliounda programu ya Photoshop, aliitumia kuonyesha uwezo wa programu hiyo kabla haijaanza kuuzwa mwaka 1990, ilikuwa ya ufukwe wa Bora Bora. Leo kila tangazo la utalii lina ufukwe wa namna hiyo, mweupe, mtupu. Fukwe za Kiunga hupokea ndara na plastiki zinazoletwa na mikondo ya bahari, na kuzifuta pichani ni kazi ya dakika chache. Anayezifuta humficha mtazamaji kile ambacho kasa hukumbana nacho anapopanda mchangani kutaga. Huwafuta pia wanawake wa Kiunga ambao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, waliziokota ndara hizo wakazichonga kuwa vinyago na mapambo. Kwenye mchanga ule safi jasho lao halina maana, na hilo naliona dhuluma.

Wapo wapiga picha wanaozama na kibao cheupe. Hukipiga picha kwanza kando ya tumbawe, kisha kwenye kompyuta huongeza wekundu hadi kibao kirudie weupe wake, wakakomea hapo. Tumbawe lililopauka, likisahihishwa kwa kibao hicho, hutoka jeupe.