Mlevi Anayetaka Kuacha Anadaiwa Nini?

Mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, haukukosa mafundisho juu ya pombe. Uislamu, uliofika huku karne ya 19 pamoja na waungwana kutoka pwani, unaiharamisha kabisa. Kanisa Katoliki, ambalo Kasongo ni makao ya jimbo lake tangu 1959, linahesabu ulevi kuwa dhambi, na Waprotestanti wengi hawataki hata tone. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, haijakauka kwa ajili hiyo. Mahindi na mihogo iliyochachuka huchemshwa katika pipa, mvuke hupita kwenye mrija uliozamishwa majini, na kinachodondoka chupani huuzwa jioni kwa glasi, mjini na hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, huko Kabambare. Wengi wanaokunywa hadi kupoteza kazi na ndoa waliyasikia mafundisho hayo tangu utoto, na wanayaamini. Swali linalobaki ni hili: mtu anayelijua kosa lake, akalilia, kisha akalirudia, anadaiwa nini na waamini wenzake? Naamini anadaiwa kikao cha watu walioanguka kama yeye, na kwamba dini zetu zina sababu zao zenyewe za kukifungulia mlango.

Tuanze na aibu. Aliyekwisha kujihukumu hapati nguvu kwa kuhukumiwa mara ya pili. Anazidi tu kujificha. Anaiacha swala ya jamaa, analikwepa shirika la Wakristo la mtaani kwake, na kadiri anavyojitenga ndivyo chupa inavyobaki kuwa rafiki pekee. Mwenzake aliyepita njia hiyohiyo hana cha kumdharau, wala hadanganyiki na ile ahadi ya kuacha kesho. Hivyo ndivyo ilivyoanza huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama katika mji wa ugenini na kuogopa kwamba angeanza tena. Alimpigia simu mchungaji amwelekeze kwa mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akafikishwa kwa daktari Robert Smith. Kutoka kwa hao wawili kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho sharti lake la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 42 ya walioelekezwa kwenye vikundi hivyo kwa utaratibu maalumu walikuwa hawajagusa pombe, dhidi ya asilimia 35 kwa tiba nyingine. Tofauti hiyo si muujiza, lakini inapatikana kwa gharama ya benchi na saa moja ya jioni.

Mwislamu atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, hatukuamrishwa kuzisitiri dhambi zetu? Tumeamrishwa. Lakini hadithi inayomlaumu mwenye kuitangaza dhambi yake inamkusudia anayeitangaza bila haya, na wanazuoni wameruhusu mtu aeleze hali yake anapotafuta fatwa au msaada. Tena Bukhari amepokea habari za mtu aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa kunywa. Mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akamshuhudia mlevi huyo kwamba anampenda Mungu na Mtume wake. Qur'ani nayo iliufikia uharamu wa pombe kwa hatua, haikuanza na katazo la mwisho. Mkristo naye ana waraka wa Yakobo unaowaagiza waamini waungamiane dhambi wao kwa wao na kuombeana. Kuungama kwa padri hakupunguzwi na agizo hilo, kunapata wa kukusindikiza baada ya kutoka kanisani.

Wengine watasema kwamba anayekiri kuwa pombe imemshinda amejivua wajibu. Mimi naona ameupokea. Anayejidai kuwa anaimudu hana sababu ya kubadilika. Anayekiri kushindwa ndiye anayeanza kuomba msaada na kulipa madeni yake. Itasemwa pia kwamba mji ni mdogo, siri haikai. Lakini kwamba anakunywa, mtaa mzima unajua. Wasichokijua ni kwamba anataka kuacha. Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la umaskini: lutuku ndiyo inayomlipia mama fulani ada ya shule ya watoto, na vita na uchovu wa machimbo havifutwi kwa mazungumzo. Ni kweli, na kikao hakitachukua nafasi ya kazi wala amani. Ila mtu aliyelevuka ndiye anayeweza kuzipigania zote mbili.

Kwa hiyo anayetafuta mkutano asingoje hadi uletwe kutoka Kinshasa. Wawili wenye nia moja ni mkutano, iwe kwenye uwanja wa msikiti, darasa la parokia au baraza la kituo cha afya. Aliyezoea kunywa kila siku aanzie kwa muuguzi, kwani kukata pombe ghafla kunaweza kuleta kifafa, kuweweseka na hata kifo. Na shehe, padri na mchungaji watoe chumba, watangaze siku na saa, kisha wawaachie walevi wenyewe waongoze mazungumzo. Toba huanza kati ya mja na Mola wake, lakini atakapoamka kesho na kiu ileile, anahitaji mlango wa kubisha.