Majirani wa Elisabeti

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mambo ya Walawi 12, Ruthu 4:13–17, 1 Wafalme 19:1–8, Luka 1:56–66, Wagalatia 6:1–5.

Luka anasema kwamba majirani na jamaa waliposikia Elisabeti amejifungua, walifurahi pamoja naye (Luka 1:58). Hatuambiwi walifanya nini zaidi ya kufurahi, lakini kila aliyewahi kukaa katika nyumba yenye mtoto mchanga anaweza kukisia. Elisabeti alikuwa mzee. Mumewe hakuweza kusema. Mariamu, aliyekaa naye miezi mitatu hivi, Luka anamtaja akirudi kwake kabla ya kusimulia kuzaliwa kwa mtoto. Yamkini wapo waliochota maji, waliopika, waliokesha. Kisha, siku ya nane, watu wale wale wakataka kumpa mtoto jina la Zakaria.

Mama akakataa. Wakamjibu kwamba katika jamaa yake hakuna mwenye jina hilo la Yohana, wakamgeukia baba na kumwuliza kwa ishara. Litafakari jambo hilo kidogo: walimwacha mwanamke mwenye sauti, wakamwendea mwanamume aliyekuwa bubu. Sidhani kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamefurahi pamoja na nyumba ile, na furaha hiyo iliwafanya waone kwamba mtoto ni wao pia.

Hilo ndilo swali letu juma hili. Anayemsaidia mzazi anapata haki gani juu ya mtoto?

Mtu angeweza kusema kwamba majirani hawakupaswa kuligusa kabisa suala la jina. Lakini Ruthu 4:17 inatuzuia kufika huko haraka. Pale Bethlehemu ni wanawake majirani waliomwita mtoto Obedi, na Biblia haiwalaumu hata kidogo. Naomi alimpakata mtoto kifuani akawa mlezi wake, wala hatusikii kwamba Ruthu alinyang’anywa kitu. Kwa hiyo kushiriki kwa majirani si kosa. Kosa la majirani wa Elisabeti liko mahali pengine: mama alisema, wao wakaendelea kana kwamba hakusema.

Kwanza tuuangalie msaada wenyewe. Wengi wetu tunauhesabu kuwa hisani, na hisani ina kawaida ya kudai malipo. Torati haikuliacha jambo hili kwenye huruma ya mtu mmoja mmoja. Katika Mambo ya Walawi 12 mwanamke aliyejifungua alitengewa siku 40 kwa mtoto wa kiume na siku 80 kwa mtoto wa kike kabla ya kwenda patakatifu. Fungu linazungumzia utakaso, wala hatuna ruhusa ya kuliongezea sababu nyingine. Lakini matokeo yake yanaonekana: kwa siku hizo hakuna aliyemtazamia mwanamke yule afike patakatifu. Aliyekuwa maskini alipunguziwa hata sadaka, akaruhusiwa kuleta ndege wawili, na hao ndio Mariamu na Yusufu walioleta (Luka 2:24).

Mababu zetu nao walilijua hili bila kusoma Walawi. Pwani mzazi hutimiza arobaini yake. Uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu akiletewa mtori, na mama mkwe aliyeshindwa kumtunza alijiaibisha mbele ya ukoo. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. (Siku tatu! Hata kitovu cha mtoto kwa kawaida hakijaanguka.) Lakini dada anayeuza nyanya sokoni, au anayelima shamba la kukodi, hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Na siku hizi mama yake mzazi yuko mkoa mwingine, ukoo umetawanyika, na yeye yuko kwenye chumba kimoja cha kupanga. Huyo ana nani, kama si kanisa? Akiwa mshiriki mwenzetu, uji tunaompelekea si fadhila. Ni deni letu, na mtu anayelipa deni hawezi kudai kitu kwa sababu amelipa.

Kiswahili kina jambo zuri hapa. Mwanamke aliyejifungua juzi tunamwita mzazi, neno lile lile tunalomwita mtu mwenye watoto wakubwa. Tunaaga nyumbani kwamba tunakwenda kumwona mzazi, lakini tukifika tunamwona mtoto. Tunampakata, tunajadili pua yake ni ya nani, tunaacha sabuni na kanga, na mzazi ambaye hajalala tangu juzi anainuka kututengenezea chai. Ukitaka kujua kama ziara yako ilikuwa msaada, jiulize ulipoondoka vyombo vilikuwa vimepungua au vimeongezeka.

Hili si suala la adabu tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Analia bila sababu anayoweza kuitaja, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, haoni furaha kumtazama mtoto aliyemwomba kwa Mungu. Baadhi yetu tumezoea kumwambia aombe zaidi, au tunanong’ona kwamba hana shukrani. Someni tena 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba kufa, Bwana hakuanza na hotuba. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akaja tena mara ya pili na chakula. Maneno yalifuata baadaye. Na kwa mama mwenye hali hii, kumsindikiza kwa mganga wa hospitali ni sehemu ya mkate ule, si upungufu wa imani.

Sasa turudi kwenye jina, maana ugumu uko pale. Tuseme bibi ameacha shamba lake msimu wa palizi, amekuja mjini kumtunza mkwe. Anafua, anapika, anamkanda mzazi kwa maji ya moto. Mwezi wa pili anasema mtoto hashibi, apewe uji mwepesi. Mama ameambiwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Bibi anajibu kwamba amelea saba kwa uji na wote wako hai. Nani atii?

Paulo anasaidia. Katika Wagalatia 6:2 anatuagiza tubebeane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atachukua furushi lake. Wengine huona anajipinga. Mimi naona anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Ndoo ya maji, nepi, usiku wa kukesha, hivyo ni mizigo, navyo tubebeane. Kujibu mbele za Mungu kwa ajili ya mtoto huyu ni furushi la baba na mama yake. Bibi akibeba ndoo, furushi halijahamia kwake. Anastahili kushukuriwa sana, anastahili kusikilizwa mpaka mwisho wa maneno yake, na mkwe anayemkatiza kwa dharau anakosea. Lakini kusikilizwa si kutiiwa, na katika suala la uji huu kliniki iko sahihi.

Je, mzazi ana neno la mwisho daima? Hapana. Mtoto akiwa na homa, akikataa kunyonya, akilegea, naye mama anasema tusubiri kesho, jirani mwema hasubiri. Anambeba mtoto na mama wote wawili kwenda hospitali. Kati ya hatari na mazoea kuna tofauti. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunatetea mazoea yetu kwa sauti tunayopaswa kuitunza kwa ajili ya hatari.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alieleza njia tatu za wazazi: wanaoamuru bila kueleza, wanaoachia kila kitu, na wanaoweka mipaka huku wakieleza na kusikiliza. Alikuwa akizungumzia watoto. Nadhani wazee wa kanisa na sisi akina mama wakubwa tungeweza kujipima kwa kipimo hicho hicho katika namna tunavyowatendea wazazi vijana. Wapo wanaoamuru. Wapo wanaosema “zama zao hizo, shauri yao,” na kuwaacha. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nao wanahitaji watu wa aina ya tatu.

Historia ya kanisa letu ina nyumba moja ya aina hiyo. James na Ellen White walipokuwa wakisafiri kwa kazi ya ujumbe, mtoto wao wa kwanza, Henry, akiwa na mwaka mmoja tu, aliachwa kwa familia ya Howland huko Topsham, Maine. Walimlea kwa muda wa miaka mitano. Mama aliandika baadaye jinsi kutengana huko kulivyomwumiza. Mwaka 1853 wazazi walipokuwa na makao Rochester, mtoto alirudishwa kwao. Fikirini miaka mitano ya kumlisha mtoto, kumfundisha kusema sala, kujua anachopenda, kisha kumfungia nguo zake na kumkabidhi kwa mama yake.

Kwa majadiliano darasani: Katika kanisa lenu, mzazi aliyejifungua juma hili atapikiwa na nani siku ya Jumanne, siku ambayo si ya ziara? Na kama aliyempikia ataona jambo nyumbani mle ambalo halipendi, alitofautisheje na hatari kabla hajafungua kinywa?