Sikio Lako Ndilo Daftari

Wewe unayesoma Garissa, Wajir, Mandera au kambini Dadaab, kichwa chako si kizito. Umezaliwa na watu waliobeba mashairi marefu vifuani mwao, vizazi kwa vizazi. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, shairi la gabay lilisikika, likashikwa, likasafiri na ngamia kisima hadi kisima. Daftari lilikuwa sikio.

Sikio hilo unalo. Lipe Kiingereza!

Mwanamuziki K'naan alizaliwa Mogadishu. Kabla hajakijua Kiingereza, baba yake alimtumia santuri za rap kutoka New York. Kijana akaziiga sauti kwa sauti. Maana ikamfuata baadaye. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, mataifa yaliimba "Wavin' Flag" yake.

Anza leo, walaal. Chagua wimbo mmoja wa polepole. Usikilize mara tatu bila kuandika. Mara ya nne andika maneno kumi uliyoyanasa. Kata boksi vipande ishirini: kumi vya Kiingereza, kumi vya maana kwa Kisomali au Kiswahili. Vichanganye, vifunike mchangani chini ya mgunga, kama wazee na mchezo wao wa shax. Kila mchezaji afunue viwili. "River" ikikutana na mto, "rain" ikikutana na mvua, jozi ni yake, mradi atunge sentensi. Akishindwa, arudishe. Kesho ongezeni kumi, na ya jana yarudiwe.

Najua walimu ni wachache. Mapema 2020, baada ya mashambulizi, tume ya walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, wanafunzi wakabaki peke yao. Uchungu huo ni wa kweli, na tusichoke kudai walimu. Lakini karatasi ya mtihani wa KCSE haiulizi nani aliondoka. Hisabati, biolojia, jiografia: maswali huja kwa Kiingereza, na neno moja usilolielewa laweza kukunyang'anya jibu unalolijua.

Simu moja ya kuazima, boksi moja tupu, marafiki wanne. Maneno kumi kwa siku ni mia tatu kwa mwezi. Mababu zako hawakungoja kalamu ili wahifadhi lugha yao. Leo, kabla ya adhana ya magharibi, uwe na maneno yako kumi ya kwanza.